Marehemu Anauza Kabichi

Siku marehemu alipokuja Himbi kujisikiliza, alilipa kiingilio kama watu wengine. Alikuwa muzee mrefu, mkavu, amevaa mabuti ya mpira yaliyoganda udongo mweusi na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Pascasie, aliyekuwa akipokea makuta, pesa za kiingilio, kwenye kona ya barabara, alitazama yale mabuti akadhani amepotea njia ya soko.

"Papa, hapa ni matembezi ya sanaa," alimwambia kwa upole. "Tunatembea tu, tunaangalia manyumba na mapicha ya zamani."

"Najua. Nimekuja ju ya mapicha."

Basi akapokea, akamkaribisha. Angejua kilichokuwa kinakuja, angemrudishia makuta yake na nauli ya moto, pikipiki ya abiria, juu yake, aende zake salama.

Matembezi hayo yalikuwa ya mume wake, Théogène Niyitegeka. Zamani Théogène alikuwa akipandisha wageni mlimani kuona volkano. Mlima ulipofungwa na wageni wakaacha kuja, alikaa nyumbani akitazama dari, halafu akachoka na dari akaanza kutazama mtaa. Na Himbi, tuseme ukweli, ina vitu vya kutazamwa. Ni mtaa wa kimya wa mji wa Goma, karibu na ziwa, wenye manyumba ya wakati wa Wabeleji na baraza zao za duara, kuta za mawe ya lava yaliyochongwa na kuungwa kwa mistari myeupe, mageti ya chuma yenye maua ya fundi Carlos, na kikanisa ambacho njia yake ya msalaba ilichorwa na mtu wa hapa hapa, mpaka Simoni wa Kirene amevalishwa kofia ya mfugaji wa Masisi. Mwanzoni watu walimcheka. Nani atalipa ili aonyeshwe ukuta? Lakini walilipa: wanafunzi, wachumba, wafanyakazi wa mashirika, hata watu wa Himbi wenyewe waliopita pale miaka yote bila kuinua kichwa. Mwisho wa njia Pascasie aliwauzia chai na beignets, maandazi ya moto. Nyumba ile yenye watoto watatu ilikula mapato ya Jumamosi moja kwa wiki nzima.

Kituo kikubwa kilikuwa ukuta wa parcelle, kiwanja cha Mama Séraphine. Ulichorwa kabla ya lava ya 2002: wanawake wanateremka na mizigo ya kabichi na viazi, nyuma yao ziwa, na ziwa lenyewe linaanza buluu upande wa kushoto na kuishia kijani upande wa kulia. Kwenye kona kuna jina, WENCE.

Théogène alisimama mbele ya ukuta, akashusha sauti.

"Huyu Wence, jina lake kamili Wenceslas, alikuwa na atelier ya kuchorea katikati ya mji. Siku lava inashuka, watu walimupigia kelele: toka! toka! Yeye akajibu: muniache nimalize kwanza." Akaonyesha jina kwenye kona. "Lava ilimukuta brosi ya rangi iko mukononi. Ndugu zangu, tumupatie kimya kidogo."

Watu wakavua kofia. Muzee wa mabuti hakuvua yake.

Usidhani Théogène alikuwa mwongo wa kupanga. Alihamia Himbi muda mrefu baada ya lava, na alipouliza habari za mchoraji, jirani mmoja aliinua mabega, mwingine akasema hajaonekana tangu volkano. Mwaka wa kwanza aliwaambia wageni, "Hatujui alipo." Wageni wakatazama simu zao. Mwaka wa pili akasema, "Wanasema alikufa." Wakainua macho. Brosi iliingia mkononi mwaka wa tatu, yenyewe tu, na kufikia hapo Théogène alishaamini kuliko wote. Kila Januari alipeleka sadaka parokiani ili misa isomwe kwa roho ya Wenceslas mchoraji, Pascasie akinung'unika kwamba sadaka ile ni mafuta yake ya kukaangia. Alitoa kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo penye ubaya wa jambo lenyewe.

"Nani alimuzika?" aliuliza muzee wa mabuti katikati ya kile kimya.

"Papa, lava haiachi kitu cha kuzika."

"Wewe ulimuona?"

"Watu walimuona."

"Watu gani?"

Théogène alishazoea wageni wa maswali. Alitabasamu, akamgeuza kwenye picha. "Muzee, angalia vizuri. Ni nini inakosa pale? Mlima! Kila muchoraji wa Goma anachora mlima. Wence peke yake alikataa, ju roho yake ilishamuambia: hii mlima ndiyo itakuua."

"Ngazi ilikuwa fupi," alisema muzee.

"Pardon?"

"Mlima ilipashwa kuwa kule juu. Ngazi haikufika. Ni vile tu."

Watu wakacheka. Théogène naye alicheka kidogo, kwa adabu. Ndipo muzee akavua kofia, akaishika kifuani, akageukia kundi zima.

"Mimi ndiye Wenceslas. Nilikufa lini?"

Kama angekuwa amelewa, ingekuwa rahisi. Lakini Mama Séraphine alikuwa ametoka kuona kelele ni ya nini, na alipomwona alishika geti kwa mikono miwili.

"Yesu wangu! Wenceslas?"

"Séraphine. Umenenepa."

"Wewe! Ulikula maharagi yangu musimu muzima, ukamaliza ukuta, ukaenda hata bila kuaga! Na mi nilikuombea rozari!"

"Hata wewe?" Muzee akatikisa kichwa. "Mutoto wa ndugu yangu anauza shu, kabichi zangu, hapa chini. Mwezi wa kwanza ameenda misa, amesikia padiri anasoma: kwa roho ya marehemu Wenceslas, muchoraji. Akapanda kwetu Kibumba analia barabara yote. Akanikuta napalilia. Nikamuuliza, unalia nani? Akasema, wewe!" Akamsogelea Théogène. "Kila mwaka mwezi wa kwanza mugongo inanikamata. Nilikuwa nafikiri ni baridi. Kumbe ni wewe uko unanisomea misa!"

Simu zote zilikuwa juu zikirekodi.

*

Pascasie alimwingiza muzee nyumbani kwao kabla umati haujaongezeka. Alimkalisha kwenye kiti kizuri, akaweka mbele yake chai na sahani ya beignets zilizobaki. Muzee akaisukuma sahani kwa kidole.

"Siwezi kula kwa watu walioniombea marehemu."

"Papa, ni beignets tu."

"Kwetu, mutu akitangaziwa kifo na iko muzima, hakuli kwa ule aliyemutangazia. Mdomo iliyotangaza kifo ndiyo inatangaza uzima. Pale pale, mbele ya watu. Kiisha tunakula."

Pascasie hakujua kama hiyo ilikuwa desturi ya kweli au muzee aliitunga pale pale kwa hasira. Hata majirani wa kutoka Butembo, ambako ni asili ya muzee, aliowauliza baadaye walibishana: mmoja akasema ndiyo kabisa, mwingine akasema hajawahi kuisikia. Lakini njaa ya muzee ilikuwa ya kweli. Macho yake yalirudi kwenye sahani mara kwa mara, na hakugusa.

"Na ukuta," aliendelea muzee, "ni mukono yangu. Jumamosi ijayo nakuja na chokaa. Nitaifunika yote. Mufu haachi mapicha kwa watu wa kuchezea."

Théogène aliruka. "Hapana, muzee! Hapana! Ule ukuta ndiyo matembezi yenyewe. Ukiifunika, hii nyumba itakula nini?"

"Utasema niliifunika nikiwa mufu. Wataipenda."

Hapo Théogène akafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Alisogeza kiti, akashusha sauti ile ile ya ukutani. "Papa Wenceslas, tunaweza kupanga. Tuseme walikuwa wawili. Kaka na mudogo. Ule mukubwa ndiye aliyekufa, na wewe uko mudogo yake, unamukumbuka. Watu watalia! Na wewe utapata sehemu yako kila Jumamosi."

Pascasie alifumba macho.

"Kaka yangu," alisema muzee polepole, "aliitwa Gauthier. Ndiye aliyekufa kweli, Rutshuru, na mimi nilimuzika kwa hii mikono. Sasa unataka nimuue mara ya pili ju ya wageni wako?"

Alisimama, akavaa kofia, akatoka. Pascasie alimtazama mume wake, na aliona aibu mpaka masikioni.

"Théo. Heri ungenyamaza."

"Nikisema mbele ya watu kwamba hili nilikosea, watauliza na lile. Watauliza yote. Nani atanilipa tena?"

"Na usiposema, nani atakulipa? Wamekurekodi!"

*

Wiki ile Goma ilicheka. Watu wa mji huu wamepita mengi, na wakipata kitu cha kuchekea hawakiachi mapema. Madereva wa moto walimpigia honi Théogène mwongoza wageni: "Gide! Nipeleke kwa mufu ule anauza shu!" Sokoni Virunga iligundulika kwamba muzee Wenceslas hushuka na mzigo wa kabichi kila wiki, kwamba wauzaji wote wanamjua, wanamtania, wanajua hata mgongo wake. Miaka yote hiyo alikuwa marehemu Himbi na mfanyabiashara Virunga. Wauza kabichi wakaanza kumwita Papa Lazaro.

Pascasie alikaanga beignets zake za kila asubuhi, na wateja walikuja wengi kuliko kawaida, ila walikuja kuuliza, si kununua. "Ni kweli alimufufua?" Alijibu ndiyo, ndiyo, na akakunja midomo. Binti yao mkubwa, Gisubizo, alirudi kutoka masomoni analia kwa sababu darasa zima lilimpatia kimya kidogo.

Siku ya tatu ikapigwa simu. Alikuwa Madame Miriam, direktrisi wa shule moja ya Katindo, aliyekuwa amepanga kuleta madarasa mawili kila mwezi mpaka mwisho wa mwaka. Théogène alipokea amesimama wima kana kwamba anaonekana.

"Papa Théogène, unielewe. Mi nafundisha historia. Siwezi kulipisha wazazi ili watoto wafundishwe hadithi za kutunga."

"Madame, ni kosa moja tu."

"Moja ambayo tunaijua," alijibu Madame Miriam, na hakusema kwa ubaya, ndiyo maana ikauma zaidi.

Théogène akaenda parokiani. Padri Adalbert alikuwa kwenye bustani ya misheni akimwagilia maua, na aliposikia ombi lenyewe ilibidi aweke chini mtungi wa maji.

"Nifute misa? Nifute je? Nimeisoma, watu wamejibu Amina, imeenda!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha aliona uso wa Théogène, akaacha. "Mutoto wangu, sala haikumuua. Pengine ndiyo ilimushika muzima. Lakini mimi nilisoma jina uliyoniletea. Aliyeleta jina ni wewe."

"Sasa, padiri, useme Jumapili, kwa madhabahu. Wewe wakikusikia, itakwisha."

"Aka! Hapana. Lazaro aliitwa kwa sauti kubwa, mbele ya watu, na mwenye kumuita hakutuma mutu." Padri aliinua mtungi wake tena. "Misa ya shukrani nitasoma bure. Hiyo ya kusema, ni yako."

Njiani kurudi alipita kwa Mama Séraphine. Mfuko wa chokaa ulikuwa umeshaegemezwa kwenye geti. "Nisamehe, Papa Gisubizo," Mama alimwambia. "Ukuta yenye kesi siitaki. Mwenye kuchora amesema funika, tutafunika." Théogène alisimama mbele ya picha peke yake, bila wageni, bila maneno. Alitambua kwamba hajawahi kuitazama kimya. Alilia kidogo, akageuza uso kwa sababu moto ilikuwa inapita.

*

Pascasie hakumwambia mtu. Ijumaa asubuhi alivaa koti la mume wake, akapanda moto ya Kibumba. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Alimkuta muzee Wenceslas katikati ya kabichi zake, anazikata na kuzipanga kwenye gunia, mke wake akichemsha viazi mlangoni.

Mke wa muzee alimpa Pascasie viazi vya moto na chumvi. Pascasie akapokea kwa mikono miwili, akala vyote, pale pale, mbele ya muzee. Muzee aliona.

"Umetumwa na bwana yako?"

"Hajui niko hapa. Angejua, angekuja yeye, angeanza kuongea." Muzee alicheka puani bila kutaka. "Papa, sikuja kukuomba uache chokaa. Ukuta ni mukono yako. Nimekuja kukuuliza kitu. Kwa nini haukurudi Himbi?"

Muzee aliendelea kukata kabichi mbili, tatu.

"Lava ilikula atelier. Mapicha yote, rangi yote, hata kiti. Nikaona bora nichore kitu inaota." Alionyesha shamba kwa kisu. "Tumekimbia hapa, tumerudi, tumekimbia, tumerudi. Shu zinaota tu. Na nashuka Goma kila wiki, mama. Kila wiki! Kama mutu mumoja wa Himbi angeuliza, Wence iko wapi, angeambiwa ni ule pale, anauza. Hakuna aliyeuliza. Walipenda zaidi nikiwa nimekufa. Ndiyo inaniuma. Mugongo ni uzee, najua."

Pascasie aliinama akashika mdomo wa gunia ili muzee apange vizuri, na wakafanya kazi hivyo kwa muda.

"Ile ya ziwa," alisema muzee ghafula, hakumtazama. "Ile alisema ju ya buluu na kijani. Alisema je? Siku ile nilikuwa na hasira, sikusikia vizuri."

Pascasie aliuma mdomo ili asicheke. "Anaisema vizuri, papa. Hata mi nimeisikia kila Jumamosi na bado naacha kugeuza beignets. Lakini siwezi kukuambia mimi. Njoo umusikie. Chokaa haikimbii, utaweka kiisha."

"Na atasema kwa mdomo yake? Uzima?"

"Atasema."

"Unamuahidia? Anajua?"

"Atajua leo jioni," alisema Pascasie, akijua ameahidi kitu ambacho hakikuwa chake.

*

Théogène alipoambiwa, alikataa, akatembea chumba kizima, akakataa tena. Pascasie alimwachia azunguke.

"Wewe unaniuza, mama Gisubizo."

"Nakuuza wapi, nani ananunua? Théo, nisikilize. Mi sikuolewa na gide. Niliolewa na mutu aliyekuwa ananieleza mawe njiani mpaka nasahau miguu inauma. Ule mutu hakuwa na haja ya mufu. Sema kweli, ikivunjika ivunjike, nitakaanga beignets na tutapungukiwa. Lakini sitaki Gisubizo apatiwe kimya tena ju ya uongo."

Théogène alikaa, na hakukataa mara ya tatu.

Jumamosi saa nane Himbi haikuwa mtaa wa kimya. Walikuja watu ambao hawajawahi kulipa kutazama ukuta maishani mwao: wauza kabichi, madereva wa moto, wanakwaya, na Padri Adalbert na mwavuli wake. Walikuja kucheka, tusidanganyane. Hata Madame Miriam alikuja, nyuma kabisa, na wasichana watatu wa darasa lake waliomsumbua mpaka akachoka. Pascasie alipokea makuta mpaka mfuko wa aproni ukawa mzito, na hakufurahi hata kidogo, kwa sababu aliona mume wake anafunga na kufungua vifungo vya koti.

Muzee Wenceslas alikuwa ukutani tayari. Chokaa yake ilikuwa imeshachanganywa kwenye ndoo, na ngazi imeegemezwa, na safari hii ilikuwa ndefu.

Théogène alianza vibaya. Alitaka kutaja mwaka wa ujenzi akausahau, mtu akapiga mluzi, wengine wakacheka. Kisha aligeukia picha, pengine ili asizione nyuso, na akaanza kuzungumza nayo.

"Muangalie ziwa. Mutu anaweza kusema rangi ilimuishia. Hapana. Musimame huku kushoto: ni buluu, ni asubuhi, wanawake wanateremka, mizigo iko mizito, hawaoni kitu. Sasa mutembee na wao. Mutembee, musiogope. Kadiri wanashuka, ziwa inakuwa kijani, ni rangi ya mashamba walikotoka. Hawa mamama hawakuacha kwao nyuma. Wanaileta mujini pamoja na mizigo, mpaka maji yetu inabadilika. Ninyi munaokula hapa Goma, munakula rangi ile."

Hakuna aliyepiga mluzi. Mwanamke mmoja muuza kabichi alisogea mpaka karibu na ukuta, akanyoosha mkono bila kugusa.

"Ni mimi ule?" aliuliza.

"Ni mama yako," alijibu muzee Wenceslas kwa sauti nzito. "Wewe haukuwa umezaliwa." Akamgeukia Théogène. "Rudia ile ya kijani."

Théogène akarudia. Muzee alisikiliza amefumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Mi nilichanganya tu vile mukono ilitaka," alisema polepole. "Sikujua kama nilisema vile vyote."

Ikabaki ile kazi nyingine. Théogène angeweza kuishia pale. Picha ilishawashika watu, na muzee alikuwa amelainika. Alimtazama Pascasie kwenye kona, na Pascasie hakumsaidia hata kwa jicho.

"Ndugu zangu," alisema. "Mimi Théogène, kwa hii mdomo, hapa hapa, niliwaambia kwamba Wenceslas alikufa. Niliwaambia brosi iko mukononi. Hakuna mutu aliyeniambia brosi. Niliiweka mimi, ju mulikuwa munaangalia simu." Kicheko kidogo, kikafa. "Sikumutafuta. Alikuwa anashuka kila wiki, na mi sikumutafuta, ju mufu habishani na gide. Wenceslas ni muzima. Ana bibi, ana shamba Kibumba, mugongo inamuuma. Iko hapa. Papa, nisamehe."

Akapiga magoti kwenye mawe meusi ya barabara, na suruali yake nzuri ilikuwa moja tu. Padri Adalbert akasema "Amina" kabla hajajizuia, na umati mzima ukaitikia, na wauza kabichi wakapiga vigelegele vya arusi kwa sababu hawakujua vingine vya kupiga kwa mfu aliyerudi.

Muzee Wenceslas alimwacha pale chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Halafu alinyoosha mkono upande wa Pascasie.

"Mama, leta ile beignet yako. Njaa inaniua, na mara hii ni kweli."

Alikula mbili bila kuzungumza. Ya tatu aliila huku akimwambia Mama Séraphine chokaa ile aipake jikoni kwake, na Mama Séraphine akamwambia na maharagi aliyokula je, na wakaanza ugomvi mtamu wa watu waliojuana zamani. Ngazi ikashushwa. Théogène alikuwa bado anapangusa magoti, anacheka na kulia kwa pamoja, akidhani imekwisha.

"Papa gide, nina swali." Alikuwa mmoja wa wasichana wa Madame Miriam, Bénie, kidole juu kama darasani. "Wale wengine unaambia wageni walikufa. Muchoraji wa njia ya musalaba. Na ule fundi wa mageti ya maua, Carlos. Na wao ni wazima?"

Ndilo swali alilolikimbia wiki nzima. Watu wote walimtazama. Sauti ile ya ukutani ilimjia kooni, tayari, na alijua akiiachia itatengeneza jibu zuri.

"Sijui," alisema Théogène.

Hakuna aliyetoa simu.

"Haujui, ama hawajulikani?" aliuliza Madame Miriam kutoka nyuma.

"Madame, sijui. Sijauliza."

Madame Miriam akawafungulia wasichana wake njia katikati ya umati mpaka mbele. "Basi ukienda kuuliza, tunaenda pamoja. Historia ya vile naweza kuwaeleza wazazi."

"Geti ya Carlos ni ile ya pili, kona ya pale," alisema muzee Wenceslas, mdomo umejaa. "Ile parcelle ilikuwa yake. Kama iko ndani, kama haiko, mi sijui. Twende."

Wakaenda wote, wauza kabichi na madereva na padri na mwavuli. Pascasie alifunika sufuria yake akafuata. Geti lilikuwa la chuma, lenye maua yaliyopindwa kwa mkono, ua moja halifanani na jingine. Kila Jumamosi Théogène alisimama pale akalieleza kwa maneno mengi, mgongo wake ukiwa kwenye nyumba. Sasa aligeukia nyumba, akabisha kwa mfupa wa kidole.

"Hodi!"

Ndani mbwa akabweka, akanyamazishwa. "Nani?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Ni mujirani, mama. Théogène. Tunatafuta habari ya papa Carlos, fundi."

"Habari gani?"

Théogène alifikiri.

"Yote," alisema.

Pascasie alimshika mume wake mkono wa koti. Kisha komeo likavutwa, geti likafunguka kidogo, na jicho moja la mwanamke mzee likatazama nje, likaona umati umejaza barabara.

"Muko wengi."

"Ndiyo, mama. Wengi."

"Ngojeni," alisema yule mwanamke. "Nitafute viti."